Vidonge vya Mama na Kafyu ya Saa Moja

MUSA: Karibuni tena kipindini. Dada Sauda, leo umenijia na kopo la maziwa ya unga.

SAUDA: Maziwa hamna, kaka. Ni la mama. Nilikuwa Bombo wiki iliyopita namsafishia chumba, nikalikuta chini ya kitanda. Tikisa usikie.

MUSA: Vidonge! Mbona vingine nusu?

SAUDA: Alikuwa akivikata kwa wembe, mwaka 2020. Unajua mama ana baridi yabisi. Sisemi magoti ya uzee, nasema ile ya kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe na kushambulia viungo. Asubuhi vidole havifungi kifungo cha blauzi mpaka jua lipande. Anameza methotreksati mara moja kwa wiki, na prednisoloni kila siku. Sasa korona ikaingia Uganda, mgonjwa wa kwanza Machi 21, na redio ikawa inaimba kutwa kwamba wenye kinga dhaifu wako hatarini. Mama akapiga hesabu yake: dawa zangu zinashusha kinga, basi nizipunguze.

MUSA: Hata mimi ningeipiga hiyo hesabu.

SAUDA: Ndiyo maana nimekuja na kopo. Prednisoloni ukiimeza muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zinazoea kuletewa, zinaacha kutengeneza homoni yake. Ukiikatiza ghafla, mwili unabaki hauna kitu. Presha inashuka, unaweza kuzimia, unaweza hata kufa, na korona haijakugusa.

MUSA: Naye ilikuwaje?

SAUDA: Wiki ya tatu mikono imevimba, kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Na kumfikisha kwa daktari? Teksi zilisimamishwa Machi 25, siku chache baadaye magari ya watu binafsi nayo. Kafyu saa moja jioni. Gari lilitaka kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Bodaboda iliruhusiwa kubeba gunia la mkaa, lakini si mama yangu.

MUSA: Yaani mkaa una haki zake!

SAUDA: Tulimpata daktari kwa simu. Akamrudisha kwenye dozi yake, akamgombeza kidogo. Baada ya siku kadhaa kifungo kikafungika.

MUSA: Kwetu ilikuwa kinyume. Shangazi yangu ana lupasi, nao ni ugonjwa wa kinga kumgeukia mwenyewe, anaishi kwa haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ya malaria. Hakutaka kuiacha hata siku moja, ila dunia nzima ikaitaka. Sisi watu wa malaria klorokwini tunaijua uchungu wake tangu utotoni, kwa hiyo Trump alipoisifu kule Marekani, hapa Kampala nani abishe? Duka la dawa alilolizoea likamwambia imekwisha. La pili wanayo, bei mara tatu.

SAUDA: Na haikutibu korona.

MUSA: Haikutibu. Marekani waliiruhusu kwa dharura mwishoni mwa Machi, wakafuta ruhusa hiyo Juni 15. Juni hiyohiyo utafiti mkubwa wa Uingereza, RECOVERY, ulishasema haiwasaidii waliolazwa. Shangazi alikuwa ameruka dozi za wiki mbili bure.

SAUDA: Lakini utafiti huohuo ulileta jambo linalonichekesha mpaka leo. Deksamethasoni, ndugu wa damu wa prednisoloni ya mama, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia.

MUSA: Ile dawa mama aliyoikimbia!

SAUDA: Ukoo mmoja. Maana mgonjwa mahututi anaumizwa pia na kinga yake inayowaka kupita kiasi. Ila ngoja, mtu asikimbilie dukani. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Hata tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi kabisa, ikaja kutumika kwa mahututi.

MUSA: Kwa hiyo mama alikosea kuogopa?

SAUDA: Si kabisa. Waliokuwa wanameza prednisoloni miligramu 10 au zaidi kwa siku walionekana kulazwa zaidi. Rituksimabu, dawa nyingine ya baridi yabisi, nayo ilikuwa mbaya zaidi, na inaifanya chanjo isishike vizuri. Lakini ugonjwa wa viungo ulioachwa uwake nao unaongeza hatari. Sasa kupunguza dozi ni kazi ya kupimwa, polepole, na daktari. Si kazi ya wembe.

MUSA: Na chanjo?

SAUDA: Zilianza hapa Machi 10, 2021. Mama alichanjwa, mkono ukauma siku moja. Wanaotumia methotreksati, daktari anaweza kuwaambia waisimamishe wiki moja au mbili baada ya sindano, ugonjwa ukiwa umetulia. Muulize kwanza.

MUSA: Mzee mmoja wa Gulu aliniambia, nyinyi mnashangaa virusi kuingia viungoni? Mwaka 1959 kaskazini huku ulizuka ugonjwa wa mbu, Waacholi wakauita o'nyong'nyong, mvunja viungo. Ukapiga watu kama milioni mbili Afrika Mashariki. Na chikungunya, jina ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu.

SAUDA: Basi hata korona iliwaachia wengi maumivu ya viungo. Mara nyingi yanapoa yenyewe. Lakini uvimbe ukikaa wiki sita, na asubuhi mikono ni migumu zaidi ya saa nzima, usisingizie korona. Nenda ukapimwe.

MUSA: Na hivi vidonge?

SAUDA: Navipeleka famasi wakaviteketeze. Mama amenipa kwa shingo upande. Kopo ameniambia nirudishe, atatilia sukari.