Urefu Umebadilika, Uzito Je?

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Aliyenialika aliniomba nizungumzie maisha kwa jicho la mhandisi ujenzi. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa zege na nondo, falsafa siiwezi. Akasema hilohilo zege litatosha. Haya, tuanze na daraja.

Daraja lenyewe liko Kanada, juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec. Tulifundishwa habari zake chuoni, na katika mengi niliyosoma kule hili halijanitoka. Mwanzoni umbali wa katikati, toka nguzo hadi nguzo, ulipangwa uwe futi 1,600. Mwaka 1900 mhandisi mshauri, Theodore Cooper, akaurefusha hadi futi 1,800, yaani kama mita 549. Alikuwa na sababu nzuri tu, mojawapo ni kuzitoa nguzo kwenye maji ya kina na barafu nzito.

Sasa, daraja likirefuka, chuma kinaongezeka. Chuma kikiongezeka, daraja linabeba mzigo mkubwa zaidi wa nafsi yake, kabla hata treni haijapita. Hilo hata fundi wa kupaua analijua. Lakini makadirio ya uzito yaliachwa yaleyale ya zamani. Hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu upya.

Kosa lilikuja kuonekana mwaka 1906, vyuma vingi vimeshatengenezwa na vingine vimeshapandishwa. Cooper akaona nyongeza ile inavumilika. Nisimcheke, maana neno hilo nalitumia sana. Hela imeshatoka, kadi zimeshagawiwa, ukoo mzima umeshajua, unajiambia itavumilika.

Agosti 1907 mihimili ya chini, karibu na nguzo, ikaanza kupinda. Waliiona kwa macho, wakaipima. Na hapo, badala ya kusimamisha kazi, wakabishana: wengine walishikilia kwamba vyuma vile vilikuja vimepinda toka kiwandani. Mhandisi kijana wa pale saiti, Norman McLure, akasafiri hadi New York kumwona Cooper, ambaye kwa sababu ya afya hakuwa akifika saiti. Cooper akatuma telegramu kwamba mzigo usiongezwe. Akaituma kwenye ofisi za kampuni ya ujenzi huko Pennsylvania. Quebec haikufika. Jioni ya tarehe 29, wafanyakazi wakikaribia kutoka, daraja likaporomoka kwa sekunde kama 15. Walikufa watu 75, zaidi ya 30 kati yao wakiwa mafundi Wamohawk, wenyeji wa asili wa nchi ile, wote wa Kahnawake, kijiji kimoja hicho.

Watu wakisimulia kisa hiki hukaa sana kwenye ile telegramu, maana inaumiza. Mimi kinachonikosesha usingizi ni ile hesabu ya nyuma. Kijana kapata kazi, kakopa benki akiwa peke yake. Siku ile hesabu ilikuwa sahihi kabisa, wala hakudanganya mtu. Miaka mitatu baadaye ameoa, mdogo wake amekuja kusoma mjini, mama mkwe anahitaji dawa za presha kila mwezi, na bajeti ni ileile ya ubachela. Nawaona mnacheka, na mnaangaliana.

Sisemi mdogo wake arudishwe kijijini. Quebec walijenga tena, kwa urefu uleule wa futi 1,800. Kipande cha katikati kilianguka mwaka 1916 na kuua wengine 13, hata hivyo wakamaliza, na daraja likaanza kutumika mwaka 1917. Linatumika mpaka leo. Urefu uleule, ila safari hii mihimili ilikuwa minene kweli kweli. Walikubali uzito wake.

Mnaniuliza kwa macho kama mimi yamenikuta. Yamenikuta. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, tunajenga kalavati mkoani. Asubuhi tulipima zege kwa koni: ile ya bati, urefu sentimeta 30, unaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma, unainua koni taratibu, unaangalia zege limeshuka kiasi gani. Lilikaa vizuri, nikaandika kwenye daftari, nikaridhika na mwandiko wangu.

Saa saba jua liliwaka. Zege likawa zito, halipenyi kwenye nondo. Mzee aliyeshika mashine ya kuchanganyia akanigeukia: "Injinia, tuongeze maji kidogo?" Nikasema ongeza ndoo moja. Na maji yakizidi, zege linapoteza nguvu. Ndoo moja ikishapata ruhusa, kila mchanganyiko unadai ya kwake. Koni ilikuwa palepale kivulini, imeoshwa, inang'aa. Sikuigusa tena siku ile. Mchanganyiko ulibadilika saa saba, daftari langu likabaki la saa mbili.

Vipande vya majaribio tulivitoa kwenye zege la alasiri. Siku ya 7 zege linatakiwa liwe limefika kama theluthi mbili za nguvu yake. Letu lilikuwa mbali. Tukasubiri siku ya 28 kama kanuni inavyotaka, nami kila jioni nalimwagilia kama mgonjwa wa homa. Halikupanda la maana. Ukuta ule wa kalavati tulioumwaga kwa siku moja tuliubomoa kwa nyundo siku tisa, nami nikiwa mmoja wa wapigaji. Siku ya tatu yule mzee alinikalia karibu, akanipa maji ya kunywa. "Mwanangu," akasema, "mimi niliuliza. Ungesema hapana, ningenyamaza."

Nimekuja na bonge moja la ukuta ule. Naomba lipitishwe mkono kwa mkono kuanzia mstari wa mbele. Likwaruzeni kwa ukucha, mtaona linavyotoa unga. Wakati linazunguka, nani ana swali?