Waserbia wa Meksiko: Jamii Isiyo na Mtaa

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja.

Anayewatafuta wazao wa Waserbia kule Chicago au Pittsburgh hasumbuki. Makanisa yao ya Kiorthodoksi yapo, vyama vyao vipo. Mababu zao walifuata migodi na viwanda vya chuma, ndugu akamwita ndugu. Meksiko haikuwavuta watu namna hiyo. Huko Waserbia walifika mmoja mmoja, huyu kwa kazi, yule kwa ndoa, mwingine kwa mpira. Tena kwa miongo mingi walibeba pasipoti ya Yugoslavia, wakahesabiwa fungu moja na Wakroatia na Waslovenia.

Anayejulikana kuliko wote ni Bora Milutinović, mzaliwa wa Bajina Bašta. Mwaka 1972 alijiunga na Pumas, timu ya chuo kikuu cha taifa jijini Mexico City. Akaoa Mmeksiko, na alipoacha kucheza akawa kocha wa timu hiyohiyo. Kombe la Dunia la 1986 lilipochezwa Meksiko, yeye ndiye aliyeinoa timu ya wenyeji. Walifika robo fainali, wakatolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti mjini Monterrey. Sisi Waafrika tunamkumbuka zaidi kwa mwaka 1998, Nigeria yake ilipoifunga Hispania 3-2.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni yanayofanyika nyumbani. Januari 6, Wameksiko husherehekea Mamajusi kwa mkate wa mviringo uliofichwa sanamu ndogo ya mtoto Yesu. Sanamu ikikuangukia, si wewe unayewadai wenzako. Wao ndio wanaokudai tamale, yaani vyakula vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwa majani, za sikukuu ya Februari 2. Kesho yake, Januari 7, Waserbia wanaofuata kalenda ya zamani ya kanisa wana Krismasi, nao humega mkate wenye sarafu ndani. Atakayeipata, bahati ya mwaka ni yake. Nyumba yenye damu mbili inaweza kuumega mkate siku mbili mfululizo, na mtoto akadhani ni sikukuu moja ndefu. Naipenda sana picha hiyo, kwa sababu jamii isiyo na mtaa wake huishi mezani.

Sasa tuje kwenye majina. Meksiko, kwa desturi, mtoto hupewa jina la ukoo wa baba kisha la mama. Tuseme bwana Jovanović amemwoa binti wa ukoo wa Hernández. Binti yao ni Jovanović Hernández. Akiolewa na García, watoto wake ni García Jovanović. Mwanawe wa kiume akizaa, Jovanović haimo tena katika jina la mtoto. Vizazi vitatu tu, na wala hakuna aliyeikana asili yake! Ndiyo maana mtafiti anayepekua orodha za majina yanayoishia na -ić atawakosa wengi. Nawasihi mnaosomea uhamiaji: muwaulize watu majina ya bibi zao.