Umejaribu mashine au umejaribu mkono wako?

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni, feni ni hii hii moja. Wengine mshanisikia kwenye hili la kujaribu mashine kabla hujaziunda nyingi mpaka mmenichoka, ila ntalisema tena kwa sababu kila nikipita karakana za hapa Tanga nakuta mtu kaunda mashine moja ya kuchakata mkonge, kaiwasha, imekula majani matatu vizuri, watu wamepiga makofi, kesho yake anaulizia bei ya bati za mashine hamsini. Hamsini! Ya kwanza haijamaliza hata mwezi.

Sikilizeni habari ya Comet. Ndege ya Waingereza, jeti ya kwanza ya abiria, ilianza kazi 1952. Na msidhani hawakujaribu, walijaribu sana, hapo ndo watu huwa hawanielewi. Walichukua kipande cha bodi wakakijaza presha ya hewa na kuitoa, kila mara ni kama safari moja ya angani, zaidi ya mara 16,000 ndo kikafa, wakasema safi sana, inatosha. 1954 mwezi wa kwanza moja ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, haijafikisha hata safari 1,300. Wakazisimamisha zote, wakarekebisha walichodhani ndo ugonjwa, mwezi wa tatu zikaruhusiwa, mwezi wa nne nyingine hiyo, baharini. Ndo wakaitumbukiza ndege nzima kwenye tangi la maji kule Farnborough, Uingereza, jaza presha, toa, jaza, toa, ukijumlisha na safari zake za kweli ilipofika 3,057 bodi ikachanika. Sasa kile kipande cha mwanzo kilihimili vipi? Kwa sababu walishakijaza presha mara mbili ya kawaida kupima nguvu, bati likavutika kwenye kona za madirisha likakaza, likawa gumu kuliko la ndege zilizobeba watu. Walipima kitu ambacho mteja hapewi!

Na hapo ndo mnaponikera. Sampuli unaichomelea mwenyewe, unaipiga msasa siku mbili, halafu zile hamsini anachomelea dogo uliyemwajiri wiki iliyopita. Umejaribu nini sasa?

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, mwalimu, mkopo una riba, nikae msimu mzima najaribu tu? Haya, kati ya riba na kuzunguka Muheza, Korogwe, Handeni unabadilisha beringi za watu bure, kipi ghali? Tengeneza tatu, achomelee huyo huyo dogo, wape wakulima, ondoka, wazisafishe wanavyosafisha wao, yaani wasizisafishe. Maji ya mkonge yana asidi, yanakula chuma, na hewa yetu hii ya chumvi mnaijua wenyewe, hayo siku ya makofi huyaoni.

Kingine haraka haraka, Samsung na simu yao ya Note 7 mwaka 2016, betri zikashika moto, wakaweka za mtengenezaji mwingine, nazo zikawaka kwa kasoro nyingine kabisa. Ukibadili spea umebadili mashine, rudia majaribio. Nilikuwa na la umeme unaopanda na kushuka, na la vidole vya mtu anayelisha majani, hilo la vidole linataka siku yake kwa kweli, lakini naona nanyooshewa saa. Maswali. Kaka wa shati la bluu, anza, na usiniulize habari ya mkopo.