Waini nyeupe za bei nafuu: nimezipanga nne mezani hapa Kampala

Haya jamani, habari za nyumbani! Niko Kansanga, Kampala, Jumamosi jioni, na hizo kelele mnazosikia ni bodaboda, mzizoee tu. Leo naongea na wewe uliyefikisha miaka 18 na unayekunywa, au unayetaka kujaribu, na kila ukifika kwenye rafu ya waini unaduwaa. Wewe usiyekunywa, iwe kwa dini au kwa hiari yako, tukutane kwenye video ijayo, nitakuwa soko la Nakasero.

Hapa mezani nina chupa nne za waini nyeupe. Hakuna hata moja iliyozidi shilingi 50,000 za Uganda, kwa hela yetu ya Tanzania tuseme 35,000 hivi. Zote nimezivalisha mifuko ya karatasi, na majina ya kampuni sitayataja hata nikimaliza. Hakuna aliyenilipa, halafu nataka mshike aina ya zabibu. Nembo zinabadilika duka hadi duka, lakini zabibu ile ile utaikuta Kampala, Arusha hata Mombasa.

Na ninachowaomba leo ni hiki: msionje waini moja moja. Ukinywa chupa moja leo na nyingine mwezi ujao, ulimi umeshasahau. Utabaki kusema hii nzuri, ile mbaya, basi. Changeni marafiki wanne, kila mtu aje na chupa yake, mimina kidogo kidogo, ukifika ya tatu rudi kwenye ya kwanza. Hata wakubwa wa kazi hii wanalinganisha hivyo. Mwaka 1976, kule Paris, Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa waini, Steven Spurrier, aliwaita waonjaji wa Kifaransa akawamiminia bila kuwaonyesha chupa. Kwa upande wa nyeupe namba moja ikaenda kwa Chateau Montelena, waini ya mwaka 1973 ya zabibu iitwayo Chardonnay, kutoka California. Na waliotoa alama ni Wafaransa wenyewe! Chupa ikifunikwa, mdomo unasema kweli.

Kabla sijamimina, tuzungumze ubaridi, maana hapa ndipo hela ya watu wengi inapotea. Waini nyeupe inataka nyuzi 8 hadi 12 hivi. Ikiwa ya vuguvugu, kilevi kinakupanda puani na tunda hulisikii. Ikiwa baridi kama barafu, harufu yote inalala, unakunywa kitu kikali kisicho na sura. Mimi naziweka kwenye friji saa mbili au tatu, nazitoa, nazipa kama dakika kumi mezani. Na barafu usitie kwenye glasi, tafadhali.

Ya kwanza ni ile tamu. Inatoka Afrika Kusini, na hapa Kampala ukienda kwenye sherehe yoyote, iwe kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba, au harusi, ndiyo utakayoikuta. Kabla sijaifunika nilisoma nyuma ya chupa: kilevi asilimia 8, wakati hizi nyingine ni 12 na 13. Sababu ni nyepesi. Chachu inakula sukari ya zabibu na kutoa kilevi, sasa ukiisimamisha kabla haijashiba, sukari inabaki na kilevi kinakuwa kidogo. Ni waini halali, na kuipenda si ushamba. Ila kaa nayo kidogo, onja tena... sukari imetangulia, imefunika kila kitu. Tuendelee.

Ya pili ni ya zabibu iitwayo Sauvignon Blanc. Subirini kwanza, ninuse. Eeh! Hii hata ukiwa na mafua utaisikia. Pasheni, yale ya zambarau wanayouza hapa kwa mafungu barabarani, halafu nyuma yake kuna pilipili hoho mbichi, na majani yaliyofyekwa asubuhi. Hakuna mtu aliyetia pasheni humo ndani. Harufu hizo ni za zabibu yenyewe. Sasa naonja. Angalieni shavu langu: mate yanatoka pembeni mwa ulimi, yanatoka mengi. Huo ni uchachu. Mtu aliyezoea tamu, akifika hapa anasema waini imeharibika, anairudisha dukani. Hapana. Iliyoharibika inanuka siki, au inanuka boksi lililolowana mvua, au rangi imegeuka kahawia. Uchachu safi ndio uti wa mgongo wa waini nyeupe, bila huo inalegea mdomoni. Chukua ngege, yaani sato, aliyekaangwa, kamulia ndimu, ule na hii. Utanitafuta.

Sasa tufike kwenye kilichonifanya niwashe kamera leo. Glasi ya tatu na ya nne ni zabibu moja, Chenin Blanc. Tofauti ni shamba. Hii ya kushoto ni ya Afrika Kusini. Hii ya kulia ni ya kwetu, Dodoma! Shemeji yangu alikuja nayo kwa basi kupitia mpakani Mutukula, akaifungia katikati ya nguo isipigwe joto. Shemeji, Mungu akubariki.

Chenin asili yake ni Ufaransa, bonde la mto Loire, lakini leo nchi inayoongoza duniani kwa kuilima ni Afrika Kusini. Kule wana historia ndefu: Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyekuwa mkuu wa makazi ya Cape, kule kusini mwa nchi hiyo, aliandika kwenye shajara yake tarehe 2 Februari 1659 kwamba siku hiyo zabibu za Cape zimekamuliwa waini kwa mara ya kwanza. Sisi Dodoma tulianzishiwa na wamisionari katika karne iliyopita, na tuna jambo ambalo Cape hawana: tunavuna mara mbili kwa mwaka.

Nazileta karibu na kamera, nyuma naweka karatasi nyeupe. Mnaona? Ya Cape imepauka, karibu maji, ina ukijani kwa mbali. Ya Dodoma ni ya njano zaidi. Harufu: ya Cape ni tofaa la kijani na mapera ambayo hayajaiva sawasawa. Ya Dodoma ni papai lililoiva, na asali kidogo. Mdomoni ya Cape inakata, inasafisha, inakuita tena. Yetu inatulia, ni laini, imejaa, uchachu wake ni mdogo.

Kwa nini? Joto. Zabibu ikiiva kwenye jua kali, asidi yake inapungua haraka na sukari inapanda. Mashamba mengi ya Cape yanapata upepo wa bahari ya Atlantiki, na maji yale ni ya baridi, hivyo tunda linaiva polepole na kubaki na uchachu. Dodoma hatuna bahari, tuna jua. Mkulima wa Hombolo asipovuna kwa wakati, siku chache tu zinambadilishia ladha. Ndiyo maana nikisikia wakulima wetu wamekosa soko, na mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, umekaa kwenye matangi hauna mnunuzi, roho inaniuma. Waini hii inakaa meza moja na ya Cape na haioni haya. Kama unaniuliza ipi ya kunywa na kuku wa kienyeji mwenye viungo, nakujibu ya Dodoma. Peke yake, jua likiwa linazama, nakupa ya Cape.

Mtauliza Chardonnay iko wapi. Sijaiweka. Ile yenye harufu ya vanila inaitaka mbao ya mwaloni, na pipa la mwaloni ni ghali, kwa hiyo za bei nafuu nyingi zinatiwa vipande vya mbao tu ndani ya tangi. Anayeanza atajifunza mbao badala ya zabibu. Iache kwanza.

Mkienda kununua, tazameni mwaka kwenye lebo. Nyeupe ya bei hii inywe ikiwa changa, mwaka mmoja hadi mitatu. Chupa iliyokaa dirishani juani iache hata ikishushwa bei. Kifuniko cha kuzungusha kisikutishe, kinalinda vizuri tu. Na za Afrika Kusini zikiandikwa jina la zabibu moja, sheria yao inataka isipungue asilimia 85 ya zabibu hiyo.

Zikibaki, funga, rudisha friji, zinakwenda siku mbili tatu. Na ukiwa umekunywa, usiguse usukani.

Sasa watu wa Dodoma, nawategemea. Tafuteni Chenin ya hapo mjini na moja ya Cape, zifunikeni, muite na mama mkwe kama anakunywa, halafu niandikieni hapo chini kila moja imenunuliwa bei gani na nani kashinda.