Kabla ya Kutafuta Programu, Geuza Diski

Shikamooni wakubwa, na nyie rika langu habari za jioni. Kabla sijasema neno, nitazameni: naiweka diski hii kwenye draivu kifudifudi, upande unaong'aa juu, upande wa lebo chini. Kijana pale mbele anacheka. Sijakosea, mwanangu. Tuiache ifanye kazi, tutairudia.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya ombi ninaloletewa na wapiga video za harusi: "Mzee, nitafutie programu ya kuchoma lebo kwenye CD." Mtu ana kompyuta, ana draivu ya kuchomea, anajua mle ndani mna leza. Anajiuliza, leza inayochoma picha za harusi upande mmoja itashindwaje kuchoma majina ya maharusi upande wa pili? Wazo zuri tu. Daryl Anderson, mhandisi wa Hewlett-Packard (HP) huko Corvallis, Oregon, Marekani, ndiye aliyelifanyia kazi hadi ikapatikana LightScribe, teknolojia ya kuchora lebo kwa leza ya draivu, iliyotangazwa mwaka 2004.

Lakini programu haichori, jamani. Programu inaamrisha. Inayochora ni leza, na leza haina wino. Wino, kama tukubaliane kuuita hivyo, uko kwenye diski: upande wa lebo umepakwa dawa ambayo ikipigwa na mwanga wa leza ya CD, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, inageuka na kukoza. Diski za kawaida hazina dawa hiyo. Utaigeuza, utaiingiza, na itatoka kama ilivyoingia, hata programu uwe umeinunua kwa bei ya ng'ombe. Draivu nayo lazima iwe imeundwa kwa kazi hii. Tafuta nembo ya LightScribe usoni mwake. Kama haipo, usipoteze vocha yako kupakua chochote.

Sasa niwaonyeshe jambo ninalolipenda kuliko yote. Leza inapochoma data hufuata mfereji uliochongwa kwenye diski. Upande wa lebo hakuna mfereji. Itajuaje basi iko wapi? Mwenye diski kama hii aishike karibu na taa, atazame kitovu chake, pale kuzunguka tundu. Mnaona vijistari vyembamba? Draivu inavisoma, na kwavyo inajua diski imezunguka kiasi gani. Ndiyo maana leo unaweza kuchoma jina, ukaitoa diski, ukairudisha mwezi ujao ukaongeza neno lingine, na halitapanda juu ya lile la kwanza. Na lebo ikitoka hafifu, unaichoma ileile mara ya pili juu yake yenyewe, inakoza. Mimi kwa mkono na maka peni siwezi kupita juu ya mstari wangu mwenyewe bila kupinda.

Uchoraji wenyewe ni wa miduara, kuanzia ndani kwenda nje. Kwa hiyo muda hautegemei sana wingi wa maneno. Unategemea lebo imefika mbali kiasi gani kutoka katikati. Picha iliyojaa diski nzima yaweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Jina fupi karibu na kitovu ni dakika chache. Mwenye diski 50 za wateja Jumamosi asubuhi, naomba aelewe hapo.

Haya, programu. Zinahitajika mbili, na wengi hukwama kwa kutafuta moja. Ya kwanza ni LightScribe System Software, inayokaa kati ya kompyuta na draivu. Ya pili ndiyo ya kusanifia lebo: Nero walikuwa na Cover Designer, na watu wa Linux walipata 4L ya LaCie. Bila ile ya kwanza, ya pili haiioni draivu. Shida ni kwamba HP waliachana na kazi hii, na mwishoni mwa 2013 tovuti rasmi ilikuwa imeshafungwa. Kwa hiyo leo unapakua kutoka kwa watu waliohifadhi nakala. Pitisha faili kwenye kinga ya virusi kwanza. Kama una CD iliyokuja na draivu yako, ile uliyoitupa kabatini, kaitafute hiyo kabla ya intaneti.

Mama mmoja anauliza kuhusu Labelflash. Hiyo ni teknolojia nyingine ya kuchora lebo kwa leza, ya Yamaha na Fujifilm, ya mwaka 2005. Ina diski zake na draivu zake. Hazichanganyiki na za LightScribe.

Na stika za karatasi? Niliwahi kubandika moja vibaya, ikaelemea upande. Diski ya CD kwenye draivu ya kasi ya 52 huzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika. Draivu ilinguruma kama mashine ya kusaga, stika ikabanduka mle ndani, na draivu nikaizika. Tangu siku ile, mteja akitaka rangi namwelekeza kwenye printa ya wino yenye trei ya diski, na diski nyeupe za kuchapia. LightScribe haitoi picha ya rangi, na lebo yake hupauka ikiachwa kwenye mwanga. Usimpe mteja anayeweka CD juu ya dashibodi ya gari.

Naona draivu imefungua mdomo. Kijana, njoo uitoe wewe uliyecheka. Wasomee. "Harusi." Basi, neno moja tu, dogo, karibu na kitovu. Sasa irudishe, kifudifudi tena, nami naandika tarehe ya leo kwenye mduara unaofuata. Usijali umeielekeza wapi, igeuze unavyotaka.