Deni la Mteremko: Kukimbia Bonde la Karura

NJERI: Karibuni wasikilizaji wetu. Tumetoka Msitu wa Karura, hapa Nairobi, muda si mrefu, miguu bado ina udongo mwekundu, na Musa ameacha raba zake nje ya mlango wa studio. Leo ni bonde la Mto Karura, na njia za kukimbia zinazolifuata.

MUSA: Nianze na jambo lililonichukua mwaka mzima kulielewa. Mimi ni mtu wa Taita, Njeri. Kwetu ukitoka nyumbani kwenda mbio, unaanza kwa kupanda. Unahema mapema, unajua leo una nguvu kiasi gani, kisha unarudi ukiteremka. Bonde hufanya kinyume. Unaingia Karura kwa lango la Barabara ya Limuru, miguu ni mipya, hewa ni baridi, na njia inashuka na mto kuelekea mashariki. Unajiona mwepesi. Deni utalidaiwa wakati wa kurudi.

NJERI: Deni la mteremko. Kwenye kundi letu kila mgeni hulisikia neno hilo siku ya kwanza.

MUSA: Mimi hakuna aliyeniambia. Nilikimbia hadi kwenye maporomoko kwa kasi niliyoizoea barabarani, nikashuka zile ngazi mbio, nikapita mapangoni, nikajisifu moyoni. Nilipogeuka, mapaja yalikuwa yanatetemeka. Nilitembea karibu njia yote ya kurudi, na kesho yake kushuka ngazi za nyumbani ilikuwa kazi.

NJERI: Pole. Na watu hudhani kinachochosha ni kupanda tu. Kuteremka ndiko kunakoumiza misuli ya mbele ya paja, kwa sababu kila hatua ni breki. Halafu kumbuka tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mgeni aliyetoka Mombasa juzi atakosa pumzi hata pahali tambarare.

MUSA: Kwa hiyo unamwambia nini?

NJERI: Aingilie upande wa Barabara ya Kiambu. Mto unatoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukianzia upande huo unaufuata kinyume na mkondo wake. Kuna vilima na vibonde katikati, sikatai, lakini kwa jumla unapanda ukiwa na nguvu na unarudi ukiteremka umechoka. Matatu za Kiambu zitakushusha karibu na lango. Mtu asiye na gari hana sababu ya kwenda kuzunguka kwingine.

MUSA: Na kwenye mteremko wenyewe?

NJERI: Hatua fupi. Fupi na za haraka, magoti yamelegea, usiegemee nyuma. Ukiegemea nyuma kisigino ndicho kinachotangulia, na kwenye udongo ule kisigino kikiteleza umeanguka. Mimi hujipima kwa maneno: kama siwezi kusema sentensi nzima nikiwa nateremka, nimezidisha.

MUSA: Tuuzungumzie huo udongo, maana Nairobi tuna misimu. Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, bonde linabadilika kabisa. Udongo mwekundu ukilowa unashika soli, tabaka juu ya tabaka, mpaka unabeba kilo miguuni. Siku ya mvua kubwa mimi hubaki kwenye zile njia pana za juu, kwenye mikaratusi. Pale maji hupotea upesi.

NJERI: Na huko chini kwenye miti ya kiasili?

MUSA: Huko kuna mizizi. Mihugu, mikinduri, na njia ni nyembamba, kivuli kizito. Jua halifiki, kwa hiyo utelezi unaweza kukaa siku mbili tatu baada ya mvua kuisha. Lakini nikuambie ukweli, dada, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unasikia mto kabla ya kuuona. Leo nimemwona yule ndege mwenye mabawa mekundu, alipita juu yetu wewe ukiwa umeinama kufunga kamba.

NJERI: Mimi niliwaona mbega, wale kima weusi kwa weupe. Nilisimama. Siku nikiwaona mbega nasimamisha saa, mbio zitaningoja. Walirejeshwa Karura katika miaka ya 2010, na kuwaona wakiruka juu ya mto na ile mikia mirefu myeupe, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji...

MUSA: Tusisahau kwamba msitu huo ulikaribia kupotea.

NJERI: Hilo linanigusa sana. Karura ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ilipofika miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vinagawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999, mwanamazingira Wangari Maathai alikwenda kupanda mti mmoja tu langoni, na kundi la wanaume likawashambulia yeye na wenzake. Alijeruhiwa kichwani. Miaka mitano baadaye, 2004, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo tuna zaidi ya hekta 1,000 za miti, na kila nikishuka kwenda mtoni najua kuna mtu aliyetoa damu ili mimi nipite pale.

MUSA: Na hata baada ya kuokolewa, kwa miaka mingi watu waliuogopa.

NJERI: Waliuogopa kwa haki. Mama yangu alikuwa akisikia neno Karura anashika kifua, kwa sababu ya wahalifu waliokuwa wakijificha mle. Kilichobadilisha mambo ni uzio wa umeme, walinzi, na jamii za jirani kuhusishwa. Mimi kama mwanamke sikuwahi kukimbia kwa amani kando ya barabara. Magari yanakupigia honi, wanaume wanakutupia maneno, mtaro uko wazi upande wa pili. Mara ya kwanza nilipokimbia saa nzima ndani ya Karura bila mtu kuniambia lolote, nilifika kwenye daraja la mbao nikalia. Nasema hivi kwa sababu najua kuna dada anayetusikiliza sasa hivi ambaye anakimbia kuzunguka kiwanja cha ploti kwa hofu.

MUSA: Asante kwa kulisema. Na huyo dada akija mara ya kwanza, asipotee.

NJERI: Kwenye makutano ya njia kuna vibao vyenye namba. Piga picha ya ramani ya langoni. Ukikosea, soma namba, tazama picha, endelea. Mimi niliwahi kupuuza, Julai moja ya ukungu, nikateguka kifundo cha mguu kwenye mzizi nisijue niko wapi. Askari wa msitu aliyenipata aliniuliza swali moja tu: namba gani umeiona mwisho? Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo naisoma kila namba kwa sauti.

MUSA: Baiskeli pia zinapita, kwa hiyo masikio yawe wazi. Na maji beba yako. Mto unapendeza kwa macho, lakini umepita kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni, na kuna asubuhi unanuka maji taka. Hilo linaniuma. Msitu umelindwa kwa uzio, lakini mto hauzuiliwi na uzio.

NJERI: Ndiyo maana napenda tuufikirie mto wote. Watu wa Karen na Rongai wana bonde lao, Oloolua, kwenye Mto Mbagathi. Njia ya pale ni fupi, ina pango, mianzi na maporomoko, na kwa anayeanza mimi humpeleka huko kwanza. Maji ya Mbagathi na maji ya Karura yanakutana kwenye Mto Athi. Yanakuwa Galana, kisha Sabaki, na yanaingia baharini karibu na Malindi.

MUSA: Na Galana inapita Tsavo, jirani na kwetu kabisa. Sikuwahi kuliwaza hilo nikiwa nakimbia.

NJERI: Sasa utaliwaza. Viatu, kabla hatujamaliza: watu wanauliza kila wiki.

MUSA: Soli yenye meno. Soko la Gikomba utapata jozi nzuri za mitumba ukiwahi asubuhi. Ikunje soli kwa mikono, na kama meno yamelainika upande mmoja iache. Basi Jumamosi tutakuwa lango la Barabara ya Kiambu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kiingilio lipia kwa simu kabla ya kufika, foleni huwa ndefu.

NJERI: Tutapanda polepole hadi kwenye maporomoko. Asiyeweza kukimbia atatembea nami, mimi nitakuwa wa mwisho.