Chai ya Artemisia Ikifika Maabara

Waheshimiwa waganga wa tiba asili, wanafunzi, na mama zangu wa safu ya nyuma mlioniambia mlangoni kwamba chai ya artemisia, ule mmea wa kutibu homa, mnainywa kila masika, karibuni. Sikuja kuzipinga dawa za miti. Dawa ya mseto mnayopewa zahanati kwa malaria asili yake ni jani hilohilo. Ninachouliza ni hiki: ndani ya kikombe chako, dawa imo kiasi gani?

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa mpya ya malaria, maana klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, ilikuwa imeanza kushindwa na askari wa Vietnam Kaskazini waliteketea msituni. Mtafiti Tu Youyou akapekua maandiko ya matabibu wa kale. Artemisia ilimsumbua: leo panya wanapona, kesho hawaponi. Akarudi kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeelekeza kwamba konzi ya majani ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Moto hakuutaja! Tu akahisi huenda joto linaiharibu dawa; akaacha joto kali, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 vimelea vikaisha kabisa kwa panya. Mwaka uliofuata zikapatikana fuwele za artemisinini, yaani ile dawa yenyewe iliyomo ndani ya jani, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Wanafunzi, mkimhoji mganga msiishie kwenye jina la mti. Andikeni alichuma mwezi gani, alikausha juani au kivulini, alichemsha au aliloweka. Hayo nayo ni kemia.

Sasa tuone jani likifika kwetu maabara. Tunalisaga, tunaliloweka kwenye kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuitoa dawa janini, tunachuja. Tunachukua kibati chenye tabaka jembamba la silika, unga mweupe unaofyonza, tunapiga mstari kwa penseli (ukitumia kalamu ya wino, wino nao utapanda na kukuchafulia kazi), tunadondosha tone la sampuli, na pembeni yake tone la artemisinini halisi ya kulinganishia. Kibati kinasimamishwa ndani ya chupa yenye kiyeyushi kidogo chini. Kiyeyushi kinapanda na kuzibeba kemikali, kila moja inaishia kimo chake. Ukimulika kwa taa ya miale ya urujuanimno, klorofili inawaka nyekundu, vingine vinang'aa buluu, lakini artemisinini huioni. Mpaka unyunyizie kitendanishi, kemikali ya kuipa rangi, na kupasha kibati moto ndipo doa lake linajitokeza. Kwa hiyo mtu akikuonyesha rangi nzuri za majani yake chini ya taa, hajakuonyesha dawa.

Doa linatuambia imo. Kiasi chake tunakipima kwa mashine, na hapo ndipo chai inapopata shida. Jani kavu huwa na artemisinini chini ya asilimia 1 mara nyingi, na hubadilika kwa mbegu, udongo na wakati wa kuvuna. Tena haipendi maji, haiyeyuki humo vizuri. Watafiti waliotengeneza chai kwa gramu 9 za majani ya aina yenye artemisinini nyingi kuliko kawaida na lita moja ya maji walipata miligramu 94 hivi. Dozi ya siku ya artemisinini ni kama miligramu 500.

Mtu atasema: si bora hicho kidogo kuliko kukosa? Kwa malaria, hapana. Dozi pungufu inaua vimelea dhaifu na kuwaachia sugu uwanja. Rwanda, na hapa kwetu Kagera, tayari vimethibitishwa vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii hii. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hii kama tiba wala kinga ya malaria, na mimi naliunga mkono, ingawa najua wapo humu watakaonuna.

Waliokuja na mifuko ya majani, wapeleke meza ile ya dirishani. Andikeni juu ya mfuko mlikovuna na mwezi mliovuna, na kama ua lilikuwa limeshachanua. Tutaweka vibati vinne vya kwanza sasa hivi, mjionee wenyewe.